Ng'ombe Thelathini na Sindano Moja

Mwasiti, Mama Shadya, hakuanza kushona ng'ombe wa kuchezea kwa kupenda watoto. Aliona kofia kuukuu za pama, zile pana za kitambaa kizito, hazina mnunuzi pale Runzewe, na kitu kisicho na mnunuzi humkosesha usingizi. Pama moja ikilowekwa na kunyooshwa inatoa ng'ombe wawili. Anakata kwa kufuatisha karatasi, anashona kingo kwa mkono, anashindilia pamba kwa kijiti, anafunga tumbo. Mtoto atatafuna masikio mpaka achoke yeye.

Asubuhi hiyo mwalimu Loveness wa chekechea alichukua ng'ombe thelathini. Alipoondoka, Mwasiti akakusanya sindano zake tano. Zilikuwa nne.

Akakung'uta mkeka, akamwaga kopo la uzi. Hakuna. Ndipo akakumbuka: jana, akishona macho, mteja alipiga hodi, sindano ya uzi mweusi akaichomeka kwenye pamba, tumbo likiwa wazi. Aliporudi alishika nyingine, akafunga. Ng'ombe yupi? Wote wanafanana, na ndiyo sifa yake sokoni.

Anyamaze? Alilipima hilo pia, tusidanganyane. Lakini mtoto wa miaka minne hutia kila kitu mdomoni. Awapasue wote? Pama ikitobolewa mara mbili mahali pamoja, inachanika.

Akakimbilia kwa jirani yake Ndaki, anayetafuta dhahabu kwa detekta, mashine inayolia penye chuma. Alimkuta akiifunga kwenye pikipiki.

"Mwangaluka, Mama Shadya. Mbona unahema kama shimo la duara limekutitia?"

"Sindano yangu imebaki ndani ya ng'ombe mmoja wa chekechea. Twende na mashine."

"Mama, kuna rushi ya dhahabu porini! Wenzangu wameshaondoka."

"Mwezi mzima unafukua visoda. Leo nakupeleka penye chuma cha uhakika."

"Nikikipata, changu nini?"

"Mfuko wa mashine yako umechanika. Nitaushona leo."

Ndaki akautazama. "Na mkanda wake."

"Na mkanda. Washa pikipiki!"

Walikuta watoto wameshagawiwa, wengine wananyonya pembe. Mwasiti hakuzungukazunguka. "Mwalimu, mmoja ana sindano tumboni. Kosa ni langu."

Loveness akamrukia mtoto wa karibu. Mtoto akamkumbatia ng'ombe wake kwa nguvu zote.

"Usiwanyang'anye!" Mwasiti akasema. "Wakibana, itawachoma." Kisha akapaza sauti: "Wachungaji! Ng'ombe wanaenda josho, kupe wamezidi! Shikeni mkia tu. Anayegusa tumbo, ng'ombe wake haogi."

Nje, mbali na mabati, Ndaki aliilaza mashine juu ya kiti cha plastiki, sahani yake ya kunasia chuma ikitazama juu. Watoto wakapita mmoja mmoja, ng'ombe wananing'inia. Kimya. Kimya. Ikalia, ilikuwa bangili ya Juliana. Wakamvua, akarudia. Kimya.

Ignas aligoma, ng'ombe kifuani. "Wangu ameshaoga."

"Wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani hakuna dawa," Mwasiti akasema. "Mlete, baba."

Akamleta. Kimya. Mwasiti hajamaliza kushusha pumzi, Nelly, mtoto mpole asiyetazamwa na mtu, akapitisha wake. Mashine ikapiga yowe.

Mwasiti alipasua tumbo hapohapo. Ncha ilikuwa imeshaingia kwenye mshono kutoka ndani, kiasi cha punje ya mchele.

"Tumemaliza," Ndaki akasema, akiinama kuibeba mashine.

"Hujamaliza. Waliobaki wote."

Wote walipopita, Nelly alikuwa analilia ng'ombe wake. Mwasiti akaketi kizingitini, akamfunga ng'ombe tumbo kwa mishono mikubwa mibaya, Loveness amesimama juu yake. Alipokata uzi, mwalimu akanyoosha kiganja azihesabu sindano. Mwasiti akaweka sindano mbili: aliyoshonea, na iliyopotea.

"Siku nyingine ukileta ng'ombe, unaleta na mwenye mashine," Loveness akasema. "Na bei ni ileile."

Mwasiti akautazama mfuko wa Ndaki uliochanika.

"Sawa, mwalimu."