Maharagi Yaliyolala Majini

Juzi, sokoni Muheto, nilimkuta Papa mmoja akimfokea mke wake mbele ya muuza makala, yale makaa ya kupikia.

«Makala inaisha kila siku! Unaikula?»

Mke hakuinua macho. Aliendelea kupanga makala ndani ya gunia, kipande kwa kipande.

«Papa, jana nililoweka maharagi ili iive haraka. Leo asubuhi ukaimwanga.»

«Ndiyo, niliimwanga! Majirani wakiona maharagi iko ndani ya maji, watasema nini? Watasema mwanaume wa hii nyumba anashindwa kununua makala!»

Wanaume waliokuwa karibu wakamuunga mkono, «Njo vile!»

Damu ikanichemka. Kwa hiyo sufuria ikae motoni tangu asubuhi hadi jua lizame, miti ya kilima iishe, mama apulize hadi macho yawe mekundu, ili jirani asicheke? Hakuna akiba rahisi kuliko kuloweka maharagi. Hayadai kitu ila maji, nawe ukalale.

Papa akasimamisha pikipiki ya kukodi, akapanda peke yake. Mke akalifunga gunia kwa kamba, akaipitisha kamba kwenye paji la uso ili gunia likae mgongoni, akainama, akaanza kupanda kilima kwa miguu.

«Fanya haraka, Mama,» Papa akapaza sauti akimpita. «Niko na njaa!»

Aliuliza ni nani anayekula makala. Mimi nilimwona vizuri: alikuwa amekaa nyuma ya dereva.