Ng'ombe Niliyempa Binti Yangu Katikati ya Bahari

Shule niliishia darasa la tatu, kule Tanzania tulikokuwa wakimbizi. Sioni aibu. Nyumba yangu ya hapa Kagarama, tuliporudi kwetu, nimeijenga kwa usukani wa lori, na bandari ya Dar es Salaam naijua kama uani kwangu. Kwa hiyo kitinda mimba wangu aliponiambia atapiga piano muziki wa bahari, uliotungwa na Mzungu mmoja wa zamani, nilicheka.

"Huyo Mzungu bahari aliiona?"

"Aliiona, baba. Sasa sikiliza: ni sehemu tatu. Kati ya sehemu na sehemu watu wananyamaza tu. Usifanye kitu mpaka nisimame."

"Unanifundisha kukaa kwenye kiti?"

Akachukua daftari lake, akaenda mazoezini.

Siku ya onyesho walikuwepo ukumbini walimu wawili wa muziki kutoka nje. Wangechagua mwanafunzi mmoja tu, wakamsomeshe kwao. Mwanangu alikuwa amejiandaa mwaka mzima.

Alianza polepole. Nilitafuta kosa, sikuliona. Mkono wa kushoto ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi, mpaka nikahisi ule unyevu wa chumvi unaoshika shati bandarini dereva akingoja kupakia. Kisha akaacha. Akaweka mikono mapajani, akainamisha kichwa. Ukumbi kimya.

Kwetu mtoto akikutoa kimasomaso, mzee hakai tu. Kimya kile nilikiona matusi: watu wazima wote hawa, hakuna hata mmoja wa kushukuru! Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

"Wageni waheshimiwa, huyu ni wangu! Mwanangu, nakupa ng'ombe! Yule ninayemfuga Masaka, mwenye mimba!"

Wengine wakacheka, wengine wakapiga makofi, maana ng'ombe akitolewa ni lazima apigiwe makofi. Nikanogewa. Nikaingia kwenye habari za lori langu la kwanza, mpaka mke wangu akanivuta koti.

"Kaa chini, mzee. Mtoto hajamaliza."

Nikamtazama binti yangu. Sehemu ya pili, ya dhoruba, aliianza akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale. Ya tatu aliipiga kama mtu anayekimbia mvua.

Walichagua msichana mwingine.

Majirani walipouliza, nilisema wale walimu walikuwa na mtu wao tangu mwanzo. Nilisema sebuleni kwangu, kwa sauti, binti yangu akiwamiminia chai. Alijaza vikombe vyote, akamwuliza mgeni wa mwisho kama anaongeza sukari.

La ukumbini lilikuwa ujinga, na ujinga nimeishi nao. La sebuleni nilijua ninachofanya. Wale walimu hawakuwa na mtu wao. Naandika hapa kwa sababu mdomo umenishinda: majirani bado wakija huwasema vibaya wale walimu, na mimi naitikia kwa kichwa.