Nilimfungia mwanangu wali na yai, shuleni akala maharage ya Muyinga

Wakuu, nawasalimu wote, wa Gitega wenzangu na mlio mbali.

Haya yamenikuta mimi, si shoga yangu wala jirani wa jirani. Anayetaka kucheka acheke, mi hasira ninazo za kutosha tayari.

Nimekulia Tanzania, kambi ya wakimbizi. Tukarudi Burundi, nikaolewa na kijana wa Muyinga, tukahamia Gitega. Tuna binti mmoja, Dorine, yuko darasa la pili.

Mnaoijua Gitega mnaijua baridi ya Juni. Asubuhi ukungu umekaa hadi mlangoni, mtoto anatoa moshi mdomoni kama mvuta sigara. Nikamnunulia hotpot sokoni, ile ya rahisi. Haifiki mchana chakula kimeshapoa. Nikawa naifunga na kitenge kizee, basi.

Siku moja anarudi kutoka shule: "Mama, maharage yako ya leo matamu! Yalikuwa ya moto kabisa."

Maharage gani? Nilimfungia wali na yai!

Nikafungua. Chini kulikuwa na mabaki ya maharage, mawese, na intore, zile nyanya chungu ndogo. Yananukia moshi wa kuni. Mi napikia makaa.

Na ile hotpot, wakuu, jioni yote ile, bado ilikuwa na joto.

Nikasema watoto wamebadilishana. Kesho yake tena. Keshokutwa tena.

Nikavamia shule. "Nani anamlisha mwanangu? Mnataka kuniulia mtoto?"

Mwalimu wake, dada mpole, akanionyesha kabati. Hotpot zote zinafungiwa humo, funguo anatembea nazo yeye.

"Mama Dorine, mtoto anafungua mwenyewe mbele yangu. Ila iko kitu kimoja. Kila akifungua, katikati ya maharage kuna shimo la kijiko. Kama mtu ameshaonja."

Hapo nikakaa chini.

Asiye wa Burundi nimweleze. Huku kwetu anayekupa chakula au kinywaji anaonja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Asipoonja, kakutukana au kakutangazia vita.

Na mi nilishatangaziwa.

Siku napelekwa kwa mama mkwe kule Muyinga, alinipa sahani ya maharage na intore, mawese yanang'aa. Hakuonja. Aliiweka mbele yangu akaniangalia tu. Alishawaambia watu hataki mke wa kambini kwa mwanawe. Sikugusa. Niliondoka, hatujaongea tena. Dorine hajawahi kumwona.

Nikamwambia mume wangu. Akasema, "Mama hajawahi kupanda gari hata kufika Karuzi, nusu ya njia tu. Achana naye."

Eti achana naye! Anayelishwa si wangu?

Asubuhi yake nikachemsha yai, nikachukua bic, nikaandika D kubwa kwenye ganda. Nikamkabidhi mwalimu hotpot mkononi, nikamwona anaifungia kabatini. Kutoka hapo moja kwa moja parking, gari la kwanza la Muyinga. Njia nzima napanga matusi. Nilikuwa nayo ya Kirundi na ya Kiswahili.

Nilimkuta jikoni, ameinama kwenye mafiga. Amezeeka vibaya. Hakushtuka.

"Umekuja. Leo umeleta mwenyewe?"

"Kuleta nini?"

Akanionyesha kwa kidevu. Kando ya figa kulikuwa na sahani ya bati. Wali wangu. Juu yake yai.

D.

Mwandiko wangu. Wino wangu. Na gari langu ndilo lilikuwa la kwanza kutoka Gitega, hakuna lililotupita njiani.

Nikampigia mwalimu. Walikuwa ndiyo wanakula.

"Dorine anakula nini?"

"Maharage, mama Dorine. Yanatoa mvuke."

Nikamgeukia yule mzee. "We mama, unamfanya nini mtoto wangu?"

"Mi?" Alinitazama kama mimi ndiye mwenda wazimu. "Mi nilizani ni we unatumaka! Kila siku nakuta chombo hapa, chakula ndani, baridi. Nikasema, mukazana wangu, muke ya mtoto wangu, ananikumbuka. Chombo ya mtu hairudi bure. Namimina kwa sahani yangu, naweka maharage ya mtoto mule mule, naonja asiogope, nafunika. Nikigeuka, imeenda."

Sauti ikashuka.

"Kumbe si we?"

Nikaketi kwenye kigoda na matusi yangu yote. Ya lugha zote mbili.

Akachota maharage, akaweka kwenye sahani. Akachukua kijiko, akaonja, taratibu, macho yake kwangu. Ndipo akanisogezea.

Nikala. Nilikula na hasira zangu, lakini nilimaliza.

Nilichojifunza ni hiki: mtu anaweza kukuchukia wewe na bado asikubali mwanao ale baridi. Sijasema nimemsamehe. Nimesema nilikula.

Mwenye maelezo aweke hapo chini, nitasoma yote. Lakini wa kuniambia niende kwa mganga, na wa kuniambia naota, mnipishe. Yai nililiandika mwenyewe.

Siku hizi nafunga mayai mawili. Moja naandika D, jingine M, la mabukwe, mama mkwe wangu. Maharage hayajaja tena, Dorine anakula wali wake, na ile hotpot ya rahisi inarudi jioni ina joto.

Ndani nakuta ganda la D.

Yai la M, Dorine anasema hajawahi kuliona.