Bibi Alikuja Ofisini na Vidole Vitupu

Ndoto hii nimeiota usiku wa kuamkia leo, na kalamu nimeishika kabla sijaisahau, kwa hiyo mniwie radhi kwa mwandiko unaoyumba na maneno nitakayokosea herufi zake. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito kwenye karatasi. Kwenye ngozi ya mtu ndiko huwa mwepesi.

Niwaeleze kwanza, ndoto isije ikawapoteza. Mimi ni mhudumu katika ofisi ya bima hapa Tanga. Nafagia, napika chai, napeleka mafaili. Si msemaji, na kwa muda mrefu watu pale walilijua birika langu kuliko jina langu, Mwana. Siku moja, saa ya chakula, Zuhura wa mapokezi alinikuta jikoni najichora hina mkononi. Akanyoosha wake. "Na mimi nitie." Tangu hapo kila mapumziko alikuja mtu na mkono wake, nami nikawa nacheka na watu.

Kupamba nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanaisha, ambaye sasa ni marehemu. Yeye alipamba maharusi wa mtaa mzima, na alama yake ilikuwa kuchovya. Akishamaliza maua, anafunika ncha ya kila kidole kwa hina tupu, nzito, mpaka inaiva nyekundu. Watu wakiona vidole vile walisema, huyu ametoka kwa Bi Mwanaisha. Na mimi nilichovya vilevile.

Sasa, ofisini kuna mashine mlangoni ya kuweka kidole asubuhi, ndiyo inayojua nani amefika. Jumatatu iliyopita wote niliowachovya walisimama pale wanabonyeza na kubonyeza, mashine ikisema, "Jaribu tena. Jaribu tena." Mmoja akauliza kama inapokea kidole cha mguu. Meneja hakucheka. Aliniita mbele ya watu.

"Mwana, akikataliwa mtu mwingine kwa ajili ya hina yako, kesho yake usije."

Na Zuhura anaolewa. Alikuwa amenichagua mimi nimpambe, na baada ya harusi lazima arudi kazini. Akaniambia, "Nichore, shoga, ila vidole uniachie." Nikamkatalia. Niliona kuacha kuchovya ni kumfuta bibi kabisa. Zuhura akanuna. "Haya, wapambaji wamejaa mji huu." Siku ile hakuja kunywa chai yangu. Nikarudi kuwa birika.

Basi jana usiku nimelala, nikasikia harufu ya mafuta ya mikaratusi, yale aliyokuwa akitia bibi kwenye hina. Nikafumbua macho. Niko ofisini, mchana, jua limejaa madirishani, na bibi ameketi kwenye kiti cha meneja. Miguu yake haifiki chini. Anazunguka na kile kiti kama mtoto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu." Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani wa babu. "Kiti hiki kinakwenda wapi?"

"Hakiendi, bibi. Kinazunguka tu."

"Lo! Na mwenyewe anakikalia kutwa?"

Nataka kumrukia kwa furaha, lakini mkononi nina koni ya hina na naogopa kumchafua. Natazama chini. Vigae vya ofisi vimekuwa saruji nyekundu ya ukumbini kwa bibi. Wafanyakazi wote wameketi mkekani, miguu wameinyoosha, wanangoja zamu. Meneja yumo. Amekunja mikono ya shati, anasema kwa haya, "Mimi ua dogo tu." Hakuna anayemshangaa.

Bibi ananyoosha mkono wake. "Nipambe mimi kwanza."

Nachora. Hina inatoka yenyewe, majani, vikonyo, maua yaliyofumba na yaliyofumbua, na kila ninapochora ngozi yake inakuwa changa. Sijawahi kuchora vizuri namna ile. Watu wanasogea kutazama, Zuhura yuko begani kwangu, nasikia pumzi yake. Nafika ncha za vidole, nataka kuchovya.

Bibi anafumba ngumi.

"Hapo basi."

"Bibi, si alama yako?"

Akacheka. Akacheka mpaka kanga ikamteleza kichwani. "Alama gani! Mkono ulikuwa unatetemeka, mwanangu. Nikifika kidoleni jani linakwenda huku, kikonyo kule. Ningefanyaje? Nikachovya, nikafunika. Watu wakasifu, nami nikanyamaza."

Anafumbua ngumi. Vidole vyake vitupu, safi, na ile mistari midogo ya ngozi inaonekana yote, naye anaitazama kama kitu kipya alichonunua. Halafu ananishika mkono, anauinua juu mbele ya watu.

"Wewe hutetemeki. Ishia pingili ya pili. Na umuwahi mwenzio."

Nilitaka kumuuliza mengi, lakini nilikuwa nacheka, na kicheko changu ndicho kilichoniamsha. Kumekucha. Mama akaita kutoka chumbani kwake, "We Mwana, unacheka na nani?"

"Na bibi."

Nikamsikia anaketi kitandani. "Alikuja amevaa nini?"

"Kanga. Imemteleza."

"Ndiye huyo," akasema mama, nami nikamsikia anacheka peke yake.

Nimekoroga hina, na inapokaa iive ndipo naandika haya. Nimemtumia Zuhura ujumbe kwamba nakuja leo kumpamba kama anavyotaka, vidole namwachia. Amejibu maneno mawili, "Chelewa uone." Nimeyasoma mara nyingi kuliko inavyofaa.

Ninyi mnaopamba, naomba mniandikie. Jani linaloishia pingili ya pili mnalimaliziaje, kwa nukta au kwa kikonyo? Bibi hakuwahi kunifundisha hapo, na sasa najua kwa nini. Andikeni hata kwa mwandiko mbaya. Nitasoma polepole, lakini nitasoma yote.