Kikapu cha Kahawa cha Kaka

Dawa zilinyamazisha sauti alizokuwa akizisikia kaka yangu, lakini hazikumtoa kitandani. Alilala ameelekea ukutani, nyumbani kwetu Muleba, hata siku upepo ulipoangusha migomba nyuma ya dirisha lake. Mama aliita hali hiyo uvivu. Mimi, niliyekuwa nimesoma habari za skizofrenia kwenye simu hadi macho yakauma, nilimsahihisha mama mbele ya watu, kisha nikampangia kaka ratiba ya kuoga, kufagia, kupalilia na mazoezi. Ilikuwa ratiba nzuri. Haikufuatwa hata asubuhi moja.

Tulipokwenda kliniki Bukoba, muuguzi aliisoma akanirudishia.

"Hii umejipangia wewe," alisema. Akamgeukia kaka. "Zamani, nyumbani, ulipenda kazi gani?"

Nilipofungua kinywa nimjibie, muuguzi aliinua kidole bila kunitazama.

"Kugawa kahawa," kaka akasema hatimaye.

Alimaanisha akamwani, kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yenye harufu kisha ikaanikwa juani. Kwetu mgeni hupewa hiyo kabla ya chakula, ndani ya kikapu kidogo, na tangu utoto mgawaji alikuwa kaka. Muuguzi akasema hiyo inatosha kuanzia. Ugonjwa huu, alitueleza, humfanya mtu aone ameshindwa kabla hajajaribu. Akimaliza jambo dogo alilolichagua mwenyewe, linalofuata huwa jepesi kidogo. Akaniangalia. "Na wewe, kazi yako ni kukaa."

Jumapili moja watu wa jumuiya walikuja kusali kwetu. Sala ilipokwisha, kaka akatoka chumbani na kikapu, vifungo vya shati lake vimepishana. Niliogopa wataona vifungo. Akaanza na kijana aliyekaa karibu na mlango, akampita shangazi yetu, ambaye kwa umri ndiye alistahili kuanza. Punje chache zikadondoka mkekani.

Niliinuka. "Anza na shangazi," nikasema, na mkono wangu ulikuwa tayari umechukua kikapu. Niligawa kwa mpangilio, nikipiga magoti. Nilipogeuka, kaka hakuwepo.

Shangazi alizungusha kahawa yake kinywani, akanigeukia. "Wewe mama, nani alikwambia nina haraka? Meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote: nilicheka huku nikisikia mlango wa chumba chake ukifungwa.

Tuliporudi kliniki, muuguzi alimuuliza kaka kahawa ilikwendaje.

"Mgawaji yupo," alijibu, akinionyesha kwa kidevu, bila hasira. Heri angekasirika. Nikaeleza yote mimi, kwa machozi, nikijilaumu kwa ufasaha mpaka nikagundua kwamba hata pale nilitaka nisifiwe. Muuguzi aliniacha nimalize, kisha akamuuliza kaka kama angependa kujaribu tena au kuchagua kitu kingine. Kaka akasema hajui.

Juzi shangazi alikuja peke yake. Nilikaa nimevikalia viganja vyangu. Shangazi alizungumzia bei ya ndizi huko Kemondo, akazungumzia mvua, hakuutazama mlango wa chumba hata kidogo. Muda ukapita. Kaka akatoka na kikapu, lakini hakwenda kwa shangazi. Alikuja kwangu, akaninyooshea.

"Gawa wewe. Mimi nitakosea."

"Mikono yangu michafu," nikasema. Nilikuwa nimetoka kunawa.

Akabaki amesimama katikati ya sebule, kikapu mkononi. Shangazi aliendelea na habari za mvua, kiganja chake kikiwa wazi juu ya paja. Kaka akageuka, akaanza kumwendea. Nikainamisha uso, asije akaniona nikimtazama.