Mstari Kwenye Silinda

Nimefukuzwa kazi mara mbili maishani, na mara zote mbili nilistahili. Muscat nilichelewa mno, Doha nilijibizana na msimamizi. Hayo nayakubali. Lakini la Riyadh silikubali mpaka leo, na sitalikubali, kwa sababu pale sikufukuzwa wala sikukosa. Nilisingiziwa mbele za watu, ukweli ukaonekana mbele ya watu wale wale, kisha nikaambiwa nikalete gari.

Nilikwenda kama dereva wa nyumba moja mtaa wa Al-Naseem. Kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu, alikuwa mzee mstaafu, nikimwita baba kama wote mle ndani. Mwanzoni kazi ilikuwa kuwapeleka binti zake huku na huko. Kisha wanawake wakaruhusiwa kuendesha, mabinti wakanunua magari yao, nami nikabaki nakunywa chai na mlinzi wa jirani. Nilishaanza kufikiria kuondoka, kama kawaida yangu, mzee aliponiita kwenye chumba chake cha nyuma.

Chumba kile kilijaa bastola za kale. Zilikuwa na vibali, zimefungiwa kwenye makabati ya kioo. Alizipenda za aina moja tu: zile za silinda, kipande cha kuzunguka kinachobeba risasi, ambazo huwezi kufyatua mpaka uvute nyundo ya nyuma kwa kidole gumba, kila risasi na mvuto wake. Nyingine zilikuwa na zaidi ya miaka mia. Alitaka mtu wa kuzifuta mafuta na vumbi, maana mikono yake ilianza kutetemeka.

Nilidhani nitazing'arisha. Siku ya kwanza nilikuja na kopo la dawa ya kusugulia shaba, kama tulivyosugua vifaa vya bendi shuleni Tanga. Mzee alininyang'anya kopo kana kwamba nimeshika nyoka.

"Mafi! Mafi! Hapana! Hiyo kahawia ndiyo umri wake. Ukiifuta, umeniletea chuma cha dukani."

Alinifundisha taratibu. Kitambaa cha pamba, mafuta tone moja, kutogusa mpini kwa jasho. Na jambo moja alilirudia mpaka nikaliota. Ukivuta nyundo, inalia mara nne. Kwenye mlio wa pili silinda inalegea, unaweza kuizungusha. Watu wengi hapo huishusha nyundo palepale. Usifanye hivyo kamwe. Ukiishusha katikati, kuna kijino chini ambacho hakiingii kwenye tundu lake. Kinatua juu ya chuma kitupu, na silinda ikizunguka tena kinaichora mstari. Ivute mpaka mwisho, ndipo uishushe polepole ukiwa umeizuia kwa gumba.

Moja kati ya bastola zile haikuwa na mstari huo hata kidogo. Miaka yote ile, mikono yote iliyopita, hakuna aliyeichora. Mzee aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha akinionyesha, na nakiri nilipendezwa kuliko nilivyotarajia. Mimi ni mtu wa kuhamahama, sina kitu nilichokaa nacho miaka kumi. Kufuta kitu ambacho watu wengi wamekitunza kabla yangu kulinipa heshima fulani.

Mpishi wetu, dada mmoja kutoka Kisumu, alinicheka kila siku.

"Bro, wewe unaosha hiyo chuma hivi na shati yako hujafua wiki mbili?"

"Dada, shati halina miaka mia."

"Aki, yako inakaribia."

Miaka ile kila mtu alikuwa anafungua kitu. Sinema zilikuwa zimerudi, mikahawa ilijaa redio za zamani na mataa ya kandili, vitu vya kale vikawa mtindo. Mtoto wa kiume wa mzee, kijana wa thelathini hivi, akaanza kuleta marafiki kwenye chumba cha nyuma kila baba yake alipolala mchana. Alikuwa na ufunguo wake. Mimi niliambiwa nikae nje.

Wiki tuliyopanga kwenda Jeddah, mzee alitoa ile bastola isiyo na mstari ili ampelekee mkusanyaji mwenzake wa mtaa wa Al-Safa kule. Walikuwa wamekubaliana kubadilishana. Aliigeuza dirishani, akaisogeza karibu na macho. Mstari mwembamba, unaong'aa, umezunguka silinda nzima.

"Umefanya nini?" aliniuliza.

"Baba, sijaishusha katikati hata siku moja."

"Nani anazigusa zaidi yako?"

Nilisema mtoto wake ana ufunguo. Alinikatiza: "Mwanangu anajua bastola tangu mdogo."

Jikoni dada aliniambia alisikia kle-kle, kle-kle mchana wote wa Ijumaa iliyopita, na vicheko kutoka chumba cha nyuma. Kisha akanishika mkono. "Lakini usinitaje, tafadhali. Mimi nimebakisha miezi minne." Sikumtaja. Sikumlaumu pia.

Tulikwenda Jeddah hivyo hivyo, mimi usukani, mzee kando, mtoto wake nyuma akilala. Kwenye sebule ya Al-Safa walikaa wanaume kama wanane. Mimi nilisimama mlangoni na kasha. Mzee alimkabidhi mwenyeji bastola, akasema kwa sauti ya kusikika: "Samahani. Dereva wangu ameiharibu."

Wote waligeuka kunitazama. Mmoja akatikisa kichwa kama anayesikitikia mzigo uliomwagika. Miaka miwili ya uangalifu ikaishia kwenye sentensi moja, nami sina ruhusa ya kujibu.

Mwenyeji hakutaka tena kubadilishana, lakini alikuwa mtu wa adabu. Akatoa bastola yake mwenyewe ili wageni waione. Ilipomfikia mtoto wa mzee, akaivuta nyundo. Kle-kle. Akazungusha silinda akitabasamu, akaishusha palepale. Akaivuta tena. Kle-kle. Akaishusha.

"Yalla, rudisha!" Mwenyeji aliinuka na kuichukua mkononi mwa kijana. "Nani amekufundisha hivyo?"

Kila mtu mle alielewa. Mzee alielewa kabla ya wote. Nilimwona akitazama kidole gumba cha mwanawe.

Nikasema kutoka mlangoni, kwa Kiarabu changu kibovu: "Baba, waambie."

Hakuniangalia. "Kalete gari."

Nililileta.

Tuliporudi Riyadh, alinipa kitambaa na ufunguo wa makabati kama vile hakuna kilichotokea. Nilivirudisha mezani. Nilimwambia nitamwendesha popote, lakini bastola sizigusi mpaka ampigie simu yule mwenyeji na kumwambia si mimi.

"Halas," akasema. "Yamekwisha. Yule ni mwanangu."

"Na mimi ni nani?"

Wiki zikapita, vumbi likaanza kutanda kwenye vioo. Sheria za kazi zilikuwa zimelegezwa, mtu aliweza kuhamisha ikama, kibali cha ukaazi, bila kumpigia magoti kafili. Nikaahidiwa kazi na mwenye gereji mtaa wa Al-Shumaisi. Mzee hakunizuia. Aliniandikia hata barua ya sifa: mwaminifu, anaendesha vizuri, hana ugomvi.

Nilisoma, nikamwomba aongeze sentensi moja. Kwamba nilitunza bastola zake na sikuharibu hata moja.

Alichukua kalamu. Aliishika juu ya karatasi. Kisha akaiweka chini na kutazama dirishani.

Barua niliiacha pale pale mezani. Mwenye gereji aliponiuliza nina nini cha kunithibitisha, nilimwambia sina, anipe gari nimwendeshe aone.