Chumvi ya Ivuna Ndani ya Kioo

Kila nikinusa chumvi ya Ivuna sokoni, hata kabla sijabishana bei, nalikumbuka shamba la kahawa alikotumika baba. Memsahibu, mke wa mwenye shamba, alifuga kwenye sanduku la kioo visamaki viwili vya pwani, vyenye vichwa vya farasi. Chumvi ya kutia kwenye maji yao ilipokwisha, baba akachota yetu ya jikoni, ya Ivuna.

“Itaviua,” mama alisema.

“Sisi mbona haijatuua? Vikikosa chumvi vikafa, sina kazi.”

Asubuhi vilikuwa vinaelea. Nikavihesabu mara mbili, viwili vilevile. Memsahibu hakumfukuza baba. Alilia, akaagiza vichimbiwe kaburi, na kazi zikasimama kutwa.

Mama akatema mate. “Siku namzika mwanangu, baba yenu alikuwa humo ndani kwa Memsahibu anapiga pasi. Aliomba saa moja, akanyimwa.”